Nani Amekata Stimu?

Kuna usiku moja mwaka jana nilisahau kukojoa. Si mchezo. Nilikaa chini saa moja jioni na posta ya msee alikuwa anafungua baze ya mutura pale Section 58, Nakuru, nikijiambia hako ni ka-mboka ka nusu saa, nimalize nisare nikamange. Nikikam kushtuka ni saa saba usiku. Chai imevaa ngozi juu. Fone iko na misdi-kol kumi na moja, nne za mathe. Kibofu kinanibembeleza na heshima yake ya mwisho. Na sikuwa nimechoka, hiyo ndio ilinitisha. Nilikuwa freshi kama msee ametoka kuoga. Kwa skrini kulikuwa na moshi ya mutura imejikunja ikawa herufi, na hadi wa leo sikumbuki nikiamua moshi ikuwe herufi. Mkono ndio iliamua. Mimi nilikuwa tu nimeishikia mausi.

Wasee wa dizaini hapa Naks wako na jina ya hiyo kitu na hawakuitoa kwa kitabu. Stimu. "Buda, usinibongeshe saa hii, niko na stimu." Unaachwa hapo na chapo yako mkononi, na huwezi kasirika, juu hata wewe ikikushika utafanyia mtu hivo hivo.

Cheki venye hilo neno limetoka mbali. Mzungu alikam na mvuke wake, meli ya moshi ikaitwa stima. Umeme nao ukakam, Wakenya wakasema huyu pia ni stima, na bili mpaka wa leo ni bili ya stima. Halafu mtaa, venye mtaa hauachangi kitu ya mtu ikae tu, ukakam na yake: stimu, ile moto inapanda kwa kichwa. Msee ako na stimu ya ngoma, ako na stimu ya dem, ako na stimu ya mboka. Na zote mbili, stima na stimu, zinatumia kitendo moja: zinakatwa. Sijawai patana na Mkenya hajakatwa angalau moja.

Jokes ni kwamba sisi wa hii kaunti ndio tunalalia mvuke yenyewe. Olkaria, kule Naivasha, ilianza kutoa umeme 1981 na mtambo wa megawati 15. Hapa juu yetu Menengai walianza kutoboa 2011, na 2023 mtambo wa megawati 35 ukaanza kusukuma moto kwa nyaya. Panda hiyo kreta asubuhi ya baridi ucheki vile visima vinapumua, utadhani ni sufuria za mama wa githeri. Halafu rudi kwa keja yangu Shabab. Stima ikitaka kusare, inasare. Haiagi mtu.

Ijumaa ya 25 Agosti 2023 usiku, giza ilimeza karibu Kenya nzima. Nilikuwa ndani ya logo ya dem mmoja wa juisi, siku ya tatu nikisaka, na hiyo usiku ndio ilikuwa imeanza kunipea: chungwa limekatwa nusu, likawa linageuka mos mos linakuwa jua linazama kwa lake. Betri ya lapi yangu ilidedi kitambo, inaishi na waya kama mgonjwa wa ICU. Pap. Sikuwa nimeseivu. Stima ilirudi kwa wakati wake. Lile jua halijawai rudi. Nilichora ingine, dem akalipa, akafurahi hata, akaniletea chupa ya pasheni. Lakini mimi najua aliuziwa namba mbili.

Hii kitu ilinisumbua hadi nikaanza kuisomea. Kuna buda anaitwa Mihaly Csikszentmihalyi, na usijaribu kulitamka ukiwa na chapo mdomoni. Mzaliwa wa 1934, damu ya Hungary, akaenda kusomea na kufunza Chicago. Miaka ya sitini alikuwa anachunguza wachoraji, akaona maajabu: msee anachora masaa, hamangi, halali, hashtuki baridi, akimaliza, ile picha anaiegemeza kwa ukuta kama si yake, anaanza ingine. Sasa ni nini ilikuwa imemshika, kama si picha? Akaenda akiuliza wapanda milima, wacheza chesi, madaktari wa kupasua watu. Wengi walimjibu kitu ya kufanana: ni kama maji imenibeba. Ndio maana kitabu chake cha 1990 kinaitwa Flow. Alituacha 2021.

Rada yake haina mambo mingi. Ujue ni nini unatafuta. Mboka ikujibu hapo hapo, usingoje mwezi. Na isikuwe rahisi ya kukulaza wala ngumu ya kukutetemesha. Hiyo ya mwisho naielewa na mifupa. Posta ya kesha ya hamsini, njiwa kushoto, pasta na bibi yake kulia, miale ya jua nyuma yao: unalala macho wazi, mkono inajua njia peke yake kama punda ya maji. Halafu kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 unapewa mwanasiasa mzima, kuanzia kofia hadi gari, na wasee wake watatu wanakupigia kila mmoja na kijani yake. Hapo hulali, lakini pia hufanyi kitu. Unafungua faili, unaifunga, unaenda kununua maji. Stimu inaishi kwa kachochoro kembamba katikati ya hizo mbili.

Sawa mzee. Lakini wewe hukuwai piga mboka kwa cyber ya Naks.

Kwetu dizaina hakai studio. Anakaa kwa chumba moja na printa, mashine ya kupiga fulana, mtu anapigwa picha ya paspoti, mwingine anafanyiwa ritani za KRA mwisho wa mwezi wa sita akiulizwa paswadi na hajui, na benchi. Hiyo benchi ndio adui. Klaenti wa hapa hataki kutumiwa kazi kwa fone, anataka kucheki ganji yake ikitoa jasho. Anaivuta hiyo benchi hadi nyuma ya shingo yako, hadi unajua chai aliyokunywa ilikuwa na tangawizi. "Hapo hapo. Sogeza kidogo. Ai, rudisha. Hiyo nyekundu si ile nyekundu yangu. Na jina langu mbona ni kadogo hivyo?"

Na simlaumu, kusema ukweli. Ashatuma nusu kwa M-Pesa, na nusu ya thao mbili ni pesa ya mtu. Pengine kuna dizaina alishawai kula ya kwanza akahama mtaa. Mimi mwenyewe fundi wa paa akija kwangu nasimama chini ya ngazi namhesabia misumari. Lakini stimu haiwezi kukam na mtu anakupumulia kwa kisogo. Ni kama kujaribu kudoze na mtu amekukazia macho akingoja ulale.

Asipokuwa kwa benchi, yuko kwa WhatsApp. Voisi ya dakika tatu, ya kwanza mbili ni salamu na upepo ya boda. "Usijali, wewe endelea tu, lakini nilikuwa nafikiria..." Wewe endelea tu! Kukata stimu ni sekunde moja. Kuiwasha tena ni robo saa ukiwa na bahati, na ikikataa ni kesho, juu hata ukirudi kwa skrini, nusu ya kichwa imebaki kule kwa voisi ikijibizana na yeye.

Sasa kuna wasee wataniambia, buda, dawa unaijua: jaba. Na siwezi jifanya mtakatifu. Nilijaribu. Muguka ya soo, Big G, soda baridi. Kufika saa nne usiku handas ilishika fiti, nikaamini mimi ndio dizaina mnoma kuliko wote kutoka hapa hadi Mombasa. Nikapiga mboka kama mwendawazimu. Asubuhi nikacheki nini nimefanya: masaa manne nilikuwa nasukuma nukta ya herufi i. Juu kidogo. Chini kidogo. Juu. Nukta! Kwa nje hizo vitu mbili zinafanana, macho wazi, njaa imehepa, saa haipo. Lakini stimu inabonga na mboka, na mboka inairudishia. Handas inabonga na yenyewe, inajipigia makofi.

Msee alinifungua macho hana lapi.

Ilikuwa Bondeni, siku moja nimetumwa kupima ukuta tuweke bango ya kuprinti, nikapata mwenye kinyozi ashabadilisha mawazo, ameita fundi wa kuandika na brashi. Mzee wa kitu sitini hivi, ovaroli imekula rangi hadi haijulikani ilikuwa ya buluu ama ya kijani. Nilikuwa na hasira juu mboka imenitoroka, nikaamua kukaa nimcheki aharibu.

Kwa muda mrefu hakufanya kitu. Alikaa juu ya jerikeni akacheki ukuta. Akasimama akacheki kutoka ng'ambo ya barabara. Akaenda penye boda huwa zinapaki, akauliza dere mmoja ashuke, akapanda yeye kwa kiti, akacheki ukuta kutoka hapo pia, juu mteja wa kinyozi atakuwa anapita juu ya boda. Karibu dakika arubaini, mikono mfukoni. Mimi kwa hiyo dakika arubaini ningekuwa nishafungua fonti mia mbili.

Halafu akatoa kamba ya chaki, misumari miwili, akaivuta akaiachilia, tap, laini nyeupe imenyooka kwa ukuta. Tap, ya pili. Akapima herufi na vidole. Ndio akafungua mkebe, akaegemeza mkono wa kulia kwa kafimbo kake, akaanza. Na hapo ndio nikaona ile kitu yangu ya usiku, mchana peupe. Shingo imelegea. Pumzi inashuka na brashi. Herufi ya K inatoka kama ilikuwa ndani ya ukuta inangojea kufunguliwa.

Shida ni kwamba hapo palikuwa na makelele ya kuua mtu. Redio ya kinyozi iko juu. Mama wa samosa anamuuliza kama bibi alipona, na anamjibu. Watoi wanacheza katikati ya ngazi. Konda wa mathree anamrushia neno, anarudisha, na mkono haujatetema hata nywele. Mimi voisi moja inaniua wiki. Nikaenda karibu.

"Mzee, unawezaje na hii kelele yote?"

Hakugeuka. "Kijana, mimi nilishamaliza. Hii ni kujaza tu."

Nikanyamaza. Akamaliza mguu wa N, akaongeza: "Na rangi ikikauka haina huruma. Hiyo kompyuta yenu inawasamehe sana."

Baadaye, akikunywa chai, aliniambia alianzia kwa mathree. Siku hizo mathree ilikuwa inachorwa na mkono kutoka boneti hadi ngazi ya nyuma. Halafu sheria za waziri Michuki zikaingia 2004, gari zote laini ya njano, michoro futa, na yeye akashuka kwa kuta za maduka. Novemba 2014 Rais Uhuru akasema vijana waachwe wachore magari yao, lakini kufika hapo mboka ilikuwa ishaenda kwa stika na kwa watoi wa kompyuta. Yaani mimi. Alinisemea bila uchungu, ama na uchungu ashauzoea kama msee anazoea goti mbovu.

Nikienda keja hiyo jioni, hiyo maneno ya "nilishamaliza" ilinikataa kutoka. Na ndio nikakumbuka stori ingine ya yule buda wa Chicago, ya kabla hajakuwa jina kubwa. Yeye na mwenzake Jacob Getzels walichukua wanafunzi 31 wa sanaa, wakawawekea vitu 27 kwa meza, wakawaambia kila mmoja achague, apange kwa meza ingine, achore. Kuna wale waliokota vitu vichache wakaanza chap chap, wako na rada tayari. Kuna wale walishika kitu wakaipima uzito, wakaigeuza, wakarudisha, wakachukua ingine, hata katikati ya kuchora wakabadilisha. Ukiwaona ungesema hawa wamepotea. Waamuzi wakaangalia picha bila kujua nani ni nani, na za hao wa kushikashika ndio zilikuwa na kitu mpya. Walipofuatiliwa miaka baadaye, hao pia ndio walikuwa wamefika mbali kwa sanaa.

Basi nikaget makosa yangu. Nilikuwa nafungua lapi tupu nikingoja stimu inikute ndani ya Illustrator, kama msee anangojea mathree kwa njia haipitii. Mzee wa Bondeni anaisaka mapema, kwa ukuta tupu, na saa ya brashi anaishi ndani yake na mlango wazi, watu waingie watoke. Tena ako na kitu mimi sina: makosa yake inaonekana saa hiyo hiyo, mbichi, kwa macho ya mtaa mzima. Mimi niko na kitufe cha kurudisha. Nikikosea narudisha, nikipatia narudisha pia, naweza rudisha hadi usiku wa manane bila kuamua kitu hata moja, na mboka haikujibu kitu ikijua huimaanishi.

Wamama wa Kenana Knitters huko Njoro, wanaofuma wanyama wa sufu tangu 1998, pia hawahitajangi kimya. Ukipata akina mathe wa kufuma popote hii Rift, mdomo iko kwa stori ya arusi ya juzi na vidole vinahesabu vyenyewe. Mshono ushajulikana unaenda wapi. Kelele inapita juu.

Nikarudi kwa penseli. Nasema nikarudi juu ndio nilianzia hapo. Shujaaz ilipotoka 2010, komiki ya bure ndani ya gazeti, imeandikwa Sheng ya ukweli, nilikuwa nakaribia kumaliza primari, na nilikopi sura ya DJ Boyie nyuma ya kila kitabu nilikuwa nayo hadi titcha akadhani ni kaugonjwa. Ilikuja kushinda Emmy ya kimataifa 2012. Mimi hiyo sikuijua. Nilijua tu kengele ya lanchi ililia na sikuisikia, na wasee walikuwa wamemaliza madondo. Hiyo ilikuwa stimu, kabla niwe na jina yake, na vifaa vilikuwa vya mbao.

Siku hizi mboka ikikuja, lapi inakaa kwa begi. Nachukua zile karatasi printa imeharibu, nageuza upande safi, nachora upuzi. Ikikataa kabisa na ni wikendi, napanda mathree nashukia Hyrax Hill, hapo kando ya barabara ya kwenda Kanairo, penye Mary Leakey alichimba 1937. Wengi wanaendea makaburi. Mimi naendea jiwe: kuna mabao yamechongwa kwa mwamba wenyewe, mashimo ya kucheza, bao, ajua, giuthi, ita venye kwenu mnaita. Kaa hapo ufikirie huyo msee. Aligonga jiwe kwa jiwe hadi shimo moja, halafu akaanza la pili na akataka litoshane na la kwanza. Hakuna dedilaini, hakuna klaenti. Ama labda alikuwepo. Labda kulikuwa na mtu amesimama nyuma yake akimwambia sogeza kidogo.

Na benchi nimeigeuza. Klaenti sasa anakaa mbele yangu, tukitazamana, karatasi katikati, na penseli mbili. Dakika ishirini za kwanza ni zake. Achore, afute, aniambie hiyo nyekundu yake ni ya nyanya ama ya basi ya shule. Utashangaa, mzee wa ploti alikuwa ananisumbua miezi na logo "iongezwe", nikampa penseli, akachora nyumba ndogo na mti mkubwa kando yake. Kumbe hakuwa anataka jina kubwa, alikuwa anataka mti. Nilikuwa nimeuweka mdogo. Tukishaelewana nasema, sasa mzee, kuna chai nzuri hapo chini, nipee lisaa limoja. Fone inaingia drowa.

Haifanyi kila siku, usidhani nimeuziwa uchawi. Kuna buda wa Molo alikunywa chai yote ya hapo chini, akarudi na kikombe, akavuta benchi hadi mahali yake ya zamani. Kuna siku penseli inakupatia rada yote, unafungua lapi, na stimu imekataa tu, imesimama nje ya mlango imekunja mikono. Hiyo siku napiga risiti na kadi za biashara. Bili haingoji mzuka.

Na pia nisikudanganye stimu ni malaika. Mwaka jana, Alhamisi, shosh mmoja alikam kutoka Bahati na bahasha ya picha. Mzee wake ameenda, mazishi ni Jumamosi, anataka kitabu cha kurasa kumi na mbili. Tulikaa na penseli, akanionyesha kofia ya mzee iliyobaki imetundikwa kwa nguzo ya boma, akaniambia hakuna mtu ameweza kuitoa. Nikaomba mjukuu wake aipige picha atume. Hiyo ndio ikawa kava. Na stimu ikakam hiyo usiku kama haijawai. Kila picha ilijua mahali pake. Sikusikia mvua, na ilinyesha. Saa tisa nilikuwa na kitabu nzuri kuliko mboka yoyote nimewai fanya kwa mtu ako hai.

Ijumaa mchana shosh akakishika. Akapitisha mkono juu ya ile kofia mara mbili. "Umemtoa vizuri, kijana wangu." Akafungua ndani. Akanyamaza. Akavaa miwani.

"Hapa umesema alizaliwa 1984."

Nilikufa nikiwa nimesimama.

"Mtoto wangu wa tatu ndiye wa 1984," akasema, pole pole kabisa, kama ananifundisha hesabu. "Yeye ni wa 1948."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nakala mia mbili, nikatoa pini zote na mkono, nikaprinti ukurasa upya, thao sita ya mfuko wangu ikaenda, na kitabu kikafika Bahati usiku na boda. Na makosa haikuwa uvivu, juu nilikuwa macho kuliko siku zote. Ukiwa ndani ya hiyo kitu husomi. Unaona herufi kama umbo, kama kivuli ya kijivu imekaa vizuri kwa ukurasa, na 1984 na 1948 ziko na kivuli moja.

Hapo ndio nilikumbuka mwisho wa ile siku ya Bondeni, sehemu nilikuwa nimeichukulia kama jokes.

Mzee alimaliza kitu saa kumi. Akashuka ngazi, akarudi nyuma nyuma hadi katikati ya barabara, boda ikampigia honi, akacheki ukuta na jicho moja. Hakusoma. Akaita katoi kalikuwa kanasukuma tairi.

"Wewe. Kuja unisomee."

Katoi kakapangusa kamasi, kakainua kidole hewani. "KI-NYO-ZI."

"Endelea."

"WA-KU-BWA..." Kidole kikasimama. "Finje. WA-TO-TO, soo." Kakacheki ukuta, kakacheki mzee. "Kwani sisi ndio tuko na nywele mingi?"

Mzee alicheka hadi akashika ngazi. Rangi ilikuwa bado mbichi. Akachovya kitambaa kwa tapentaini, akapanda, akafuta hizo namba mbili, akaegemeza tena mkono kwa kafimbo kake. Katoi hakakurudi kwa tairi. Kalisimama hapo chini kamenyoosha mkono, kakingojea mbao yake.